Maneno Matatu Chini ya Kutu

Baba mkwe wangu alinikabidhi wembe ule Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwake Kikwe, ukiwa ndani ya soksi ya mwanafunzi. Tulikuwa tumekaa uani upande wa migomba, mimi na yeye tu. Mke wangu alikuwa jikoni na mama yake. Mzee alinyoosha mkono, akaiweka ile soksi juu ya goti langu, akasema, "Mkwe, nasikia unafufua hivi vitu."

Ni kweli nilikuwa nafufua. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia katika kliniki moja mjini Arusha, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimesaga, nimechonga na kung'arisha vitu vidogo vya kuingia kinywani mwa watu. Miaka kadhaa iliyopita, nikipita mtaa wa Daraja Mbili, nilisimama kwenye meza ya mtu anayeuza vifaa vya mitumba. Katikati ya spana na bisibisi zilizotoka Uingereza palikuwa na wembe wa kukunja, ule ambao vinyozi wa zamani waliufungua kama kisu. Ulikuwa umeliwa na kutu mpaka haufunguki. Niliununua bila kujua kwa nini. Baada ya wiki tatu ulikuwa unakata nywele za mkono wangu bila kugusa ngozi, na mimi nilikuwa nimeshanogewa. Siku hizi ninazo kumi na saba. Mke wangu anauita ugonjwa.

Kilichonishika zaidi ni umri wa nyembe zenyewe. Nyembe hizi nyingi zilitengenezwa Sheffield, mji wa chuma huko Uingereza, na fundi aligonga muhuri wake kwenye sehemu nene iliyo kati ya makali na mkia. Ukijua kusoma, wembe unakuambia ulizaliwa lini. Wenye bapa nene kama kabari ni wa zamani sana. Wenye bapa lililochimbwa pande zote mbili mpaka likawa jembamba ni wa baadaye. Mpini nao una lake la kusema, kama ni wa pembe, wa mfupa au wa plastiki ya kale. Hata namna jina la nchi lilivyoandikwa ni alama. Si hesabu ya uhakika, ni makadirio, na mimi ni mtu ninayefunga mlango kisha narudi mara mbili kuangalia kama nimefunga. Makadirio huninyima raha.

"Huu baba yangu alipewa na mmisionari wa Kijerumani," mzee alisema. "Siku ya ubatizo wake, kabla ya vita ya kwanza. Alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu. Na ndio alioninyolea mimi asubuhi ya harusi yangu. Mwezi ujao mimi na mama yenu tunatimiza miaka hamsini. Nataka ninyolewe nao tena asubuhi ile, kabla ya ibada."

"Na nani, baba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kuna mwingine anayejua?"

Nilisema nitauangalia. Nilikuwa na sababu mbili za kukataa na sikuitamka hata moja. Ya kwanza ni kwamba mzee alikuwa na tatizo la moyo na kila siku alimeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Akijikuna tu kwa kucha, damu ilitoka kwa muda mrefu. Ya pili ni kwamba alikuwa baba wa mke wangu. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro na yeye ni Mmeru, lakini katika hilo wazee wa pande zote mbili hawapishani: kuna mpaka kati ya mtu na mkwewe. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nimemshika mkono tu, tena kwa kuinama. Sasa nilitakiwa kumshika pua na kuiinua.

Tukiwa njiani kurudi kwetu Sakina, mke wangu aliiona soksi.

"Umekubali?"

"Sikukataa."

"Sijakuuliza hivyo."

Nikamwambia kwamba nimekubali. Tukafika nyumbani. Alipokuwa anashuka akasema dada yake mkubwa ameshaiandika habari ya mmisionari kwenye kijitabu cha ibada, na kijitabu kimeshapelekwa kuchapwa. Nakala mia mbili.

Nafanyia kazi zangu kwenye stoo nyuma ya nyumba. Barabara ya Nairobi iko karibu na mabasi yakipita vioo hutetemeka, kwa hiyo nimezoea kusubiri yapite ndipo niguse kitu. Jioni ya kesho yake niliusaga ule msumari mdogo wa shaba unaoshika mpini, nikautoa, nikalitenga bapa. Bapa lilikuwa jembamba, limechimbwa vizuri pande zote, na hilo peke yake lilinitia shaka. Nikausugua mpini kwa kidole gumba mpaka ukapata joto, nikaunusa. Ulitoa harufu ya kafuri. Mpini ule haukuwa mfupa, wala pembe ya tembo kama familia ilivyoamini. Ilikuwa plastiki ya kale iliyotengenezwa kuigiza pembe ya tembo.

Nikaanza kutoa kutu kwa msasa mlaini uliolowa mafuta, polepole, kuelekea upande mmoja. Kwenye sehemu nene herufi zikaanza kujitokeza, kwanza kama mikwaruzo, kisha zikasimama. Jina la fundi lilikuwa limeshalika. Chini yake palikuwa na neno linalosema England. Nikasema sawa, Mjerumani naye anaweza kununua wembe wa Mwingereza. Nikaendelea kusugua. Mbele ya neno lile yakatokea mengine mawili madogo, na yote kwa pamoja yalisomeka Made in England, yaani umetengenezwa Uingereza, mpangilio wa maneno matatu ambao mafundi wa Sheffield kwa kawaida walianza kuutumia baada ya vita ya kwanza.

Nilikaa kwenye stuli nikayatazama maneno yale.  Kama wembe ulitengenezwa baada ya vita, basi hakuna mmisionari aliyempa mtu yeyote kabla ya vita. Na kijitabu kiko mtamboni.

Huwa naandikiana kwenye simu na mzee mmoja wa Kiingereza anayekusanya nyembe, mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Nilimpigia picha kila upande nikamtumia, nikitumaini atanikosoa. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema ni kati ya vita mbili, au baadaye kidogo. Kabla ya vita ya kwanza, hapana. Akaongeza kwamba ni wembe mzuri, niuangalie kama una ufa.

Sikuwa nimeuangalia. Nikafanya kipimo tunachokifanya hata kazini tukiwa na shaka na chuma. Nililipaka bapa mafuta ya taa, nikayaacha yaingie, nikalifuta likauka kabisa, kisha nikalipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi juu na kuichafua chaki. Nilisubiri nikihesabu mabasi. Karibu na ncha, kutoka kwenye makali kwenda juu, mstari mweusi ulijichora, mfupi kuliko punje ya mchele.

Wembe wenye ufa haufai kwenye ngozi ya mtu. Unaweza kunyoa vizuri mara kumi, na ya kumi na moja kipande kikachomoka. Ufa ule ulikuwa mwishoni, kwa hiyo ningeweza kuisaga ncha yote na kuifanya duara, wembe ukabaki mfupi kidogo. Lakini haukuwa wembe wangu.

Nilimwambia mke wangu yote mawili, ufa na maneno. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Usimwambie baba kwa simu," alisema.

"Naweza nisimwambie la maneno. Nimwambie la ufa tu."

"Na maneno utayafuta kwa msasa?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Ningesugua kwa nusu saa zaidi, yangepotea na hakuna ambaye angejua. Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama, nikaona aibu.

Jumamosi nilikwenda Kikwe peke yangu. Nilimkuta mzee anawakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba," bila kusimamisha panga. Nilianza na ufa kwa sababu ulikuwa rahisi. Nilimwonyesha kwa kioo cha kukuzia, nikamweleza kwamba itabidi nikate ncha.

"Kata," alisema.

"Halafu kuna lingine, baba. Nilipotoa kutu nimekuta maandishi." Nikamweleza maana yake. Nilieleza vibaya, nikarudia mara mbili, nikasema inawezekana nakosea, nikasema hizi kazi nimejifunza mtandaoni, si shuleni, nikasema labda mmisionari alirudi baadaye. Alinisikiliza akiwa ameshika panga, ncha yake chini.

"Nimesikia," alisema.

Akainama akaendelea kukata majani.  Mama mkwe alikuja akanikaribisha chai, nikanywa, nikaaga. Mzee aliinua mkono kutoka zizini.

Baada ya hapo hakunipigia simu. Kwa kawaida alinipigia kila Jumatano kuuliza habari za wajukuu. Jumatano ya kwanza ilipita, na ya pili. Badala yake alinipigia dada mkubwa wa mke wangu, yeye aliyeandika kijitabu.

"Shemeji, umemwambia nini baba?"

"Kwa nini, dada?"

"Tangu uje, hali chakula vizuri. Anakaa tu zizini. Nikimuuliza anasema muulize shemeji yako."

Nilimwambia. Akasema, "Ungesubiri sherehe ipite." Hakukata simu kwa hasira. Aliniaga vizuri, na hilo liliniuma zaidi.

Nilikata ncha. Nilisaga kidogo kidogo nikilichovya bapa kwenye maji kila baada ya sekunde chache ili chuma kisipate moto na kupoteza ugumu wake. Nikapaka chaki tena mara tatu, mara tatu ikabaki nyeupe. Nikaurudisha mpini na msumari mpya wa shaba. Nikanoa kwenye jiwe laini lenye maji, kisha nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi ulioshonwa na fundi wa viatu jirani yetu. Kazi ya chuma ikawa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ya mkono wangu.

Nilikuwa nimejinyoa mwenyewe kwa nyembe hizi mara nyingi, lakini sikuwahi kumnyoa mtu mwingine. Nilinunua maputo ya sherehe za watoto, nikalipuliza moja, nikalipaka povu la sabuni, nikalinyoa. Lilipasuka usoni mwangu. La pili pia. La tano lilibaki zima na nikalipasua mwenyewe kwa kuogopa kulizungusha. Binti yangu alikuwa mlangoni akaniuliza maputo yana ndevu tangu lini. Nikamwambia aende akafanye hesabu.

Kazini nilimuuliza daktari wetu kuhusu mtu anayetumia dawa zile. Alisema mkwaruzo mdogo haumuui mtu. Nibonyeze kwa chachi safi dakika kumi bila kuinua kuchungulia, na mzee apimwe damu wiki hiyo kuona kama dawa haijazidi. "Na kama huuamini mkono wako," akasema, "usifanye."  Nani anauamini mkono wake? Mke wangu alimpeleka mzee akapimwa, na majibu yakawa mazuri. Nadhani nilitumaini yangekuwa mabaya kidogo.

Asubuhi ya siku yenyewe tulifika Kikwe mapema. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni na baridi ilikuwa inang'ata. Uani walikuwa wameshaanza kuchoma nyama na kufunga turubai. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya nyumba, shati la ndani jeupe, taulo mabegani, kama mtu aliyekuwa pale tangu alfajiri. Hatukuwa tumezungumza kwa wiki tatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeuleta?"

Nikaufungua nikampa. Aliupitishia kidole mgongoni, akaigusa ncha ya duara, akayasogeza yale maneno matatu karibu na macho. Kisha akanirudishia na kufumba macho.

Mke wangu alileta beseni la maji ya moto na mama mkwe akasimama nyuma yake. Nilimfunika mzee taulo la moto usoni, nikampaka povu kwa brashi. Mikono yangu ilikuwa ya baridi mpaka ikabidi niichovye kwenye beseni. Nikaiweka kwenye shavu lake, nikaivuta ngozi kuelekea sikioni. Ilikuwa laini na imelegea, haikufanana hata kidogo na puto. Nikauweka wembe ukiwa umelala, nikaushusha. Ulitoa ule mlio mdogo wa kukwaruza ambao unaniambia kwamba mambo yako sawa. Nikafuta povu, nikashusha tena. Shavu la kulia lilikwisha. La kushoto likaisha. Nilipoishika pua yake kwa vidole viwili, sote wawili tuliacha kupumua.

Nilipofika shingoni ndipo akaanza kuzungumza.

"Baba yangu alikuwa anamnyoa Mzungu," alisema.

Niliondoa wembe haraka. "Baba, nakuomba usiongee, shingo inacheza."

"Basi simama kwanza. Nikinyamaza leo sitasema tena."

Nikasimama, wembe mkononi, povu likikauka shingoni mwake. Alizungumza akiwa amefumba macho.

Alisema baba yake alibatizwa kweli na Wajerumani, lakini hawakumpa kitu zaidi ya jina. Baadaye sana aliajiriwa na Mwingereza mwenye shamba. Mwingereza yule alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, hawezi kushika kikombe, na kila asubuhi baba yake ndiye aliyemnyoa. Alifanya hivyo miaka mingi. Kisha ukafika wakati ambapo watu wa upande wa kaskazini mwa mlima waliondolewa kwenye ardhi yao ili Wazungu wapewe. Wengine walikuja kwa ndugu zao huku chini, na mizigo, na watoto. Mwingereza yule alikuwa mmoja wa wale walioitaka ile ardhi.

"Asubuhi ile ya kuondolewa watu baba akaenda kazini," mzee alisema. "Akampaka sabuni, akamnyoa. Na kesho yake. Watu wakasema, wembe unao mkononi, shingo ya mtu yule unayo mkononi, na wewe unamnyoa. Wengine wakaacha kumsalimia. Aliniambia haya siku ya harusi yangu, nikiwa nimekaa hivi hivi, ananinyoa. Alisema, nilikuwa na watoto tisa."

 Mama mkwe alikuwa ameshika mlango.

"Mzungu alipoondoka nchini, wembe ukabaki kwa baba. Sijui kama alipewa au alichukua. Sikumuuliza. Watoto wangu waliponiuliza umetoka wapi, nikawaambia mmisionari." Alifumbua macho akanitazama. "Wewe nilikupa nikidhani utang'arisha tu."

 Nilisema, "Samahani, baba."

"Umekosa nini? Malizia, tutachelewa ibada."

Nikampaka povu upya. Nilipitisha wembe chini ya taya, kisha kwenye koo, pale ambapo mshipa ulikuwa unapiga chini ya ngozi na nikawa nauona. Nilimfikiria yule mtu mwingine aliyesimama kama mimi, kila asubuhi, miaka yote ile, wembe ukiwa huu huu. Labda ndiyo maana mkono ulipotea kidogo. Chini ya sikio la kushoto ikatokea doa jekundu, likawa tone, tone likaanza kushuka.

Mke wangu alinipa chachi kabla sijaomba. Nilibonyeza. Daktari alisema nisichungulie, na sikuchungulia, ila nilikuwa naona wekundu unavyotambaa kwenye kitambaa. Kwenye saa ya mke wangu dakika kumi zilipita. Nikainua, damu ikatoka tena, nikabonyeza tena. 

"Baba naye alinikata," alisema. "Hapa." Akaonyesha kidevu.

Baada ya dakika nyingine saba damu ilikata. Nikambandika plasta ndogo, na akaenda kuvaa suti.

Tulifika kanisani nyimbo zimeshaanza. Vijitabu vilikuwa vimegawiwa na habari ya mmisionari ilikuwa ukurasa wa tatu. Mchungaji alipofika kwenye mahubiri aliisimulia, akasema tazameni jinsi zawadi ya Injili inavyodumu katika familia. Dada mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa benchi.

Muda wa shukrani ulipofika mzee alipewa kipaza sauti. Aliwashukuru watu, akamshukuru mke wake. Kisha akasema, "Mchungaji, yale ya wembe nilikosea mimi, si mtoto wangu aliyeandika. Wembe ule ulikuwa wa Mwingereza wa shambani, na baba yangu alikuwa kinyozi wake. Wazee wenzangu wanajua alikuwa nani. Mengine nitawaambia watoto wangu nyumbani." Akakaa. Kwaya ikachelewa kidogo kuanza.

Tuliporudi nyumbani na watu wakaketi chini ya turubai, mzee mmoja wa rika lake alikuja na fimbo yake mpaka kwenye meza yetu. Nilimjua kwa sura tu. Aliomba kuuona wembe. Baba mkwe alinipa ishara, nikaenda kuuleta, nikautoa ukiwa umefungwa. Yule mgeni aliugeuza huku na huku bila kuufungua.

"Baba yangu alitoka kule kaskazini na ng'ombe wanne tu," alisema. "Alipofika hapa alinikataza kucheza na wewe."

"Nakumbuka," baba mkwe alisema. "Sikujua sababu. Nilidhani nilikuibia kitu."

"Mimi nilijua."

Aliuweka wembe mezani. Nilidhani ataondoka, na nadhani baba mkwe alidhani hivyo pia, maana alishika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama. Lakini yule mzee alivuta kiti akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti, na mama mkwe akamletea sahani. Hawakuzungumza sana. Walikula nyama, wakanywa pombe ya mbege, mmoja akamuuliza mwingine habari za mvua. Mimi nilikaa kwenye kona ya meza nikisubiri neno baya litoke. Halikutoka, wala zuri halikutoka. Jua lilipoanza kushuka yule mzee alisimama, akaaga kila mtu kwa mkono, na baba mkwe akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumatano iliyofuata simu ililia saa ile ile ya zamani. Aliuliza habari za wajukuu, kisha akaniuliza Jumamosi ya mwisho wa mwezi nina kazi gani. Nikasema sina. Akasema ndevu zimeota.

Tangu hapo nakwenda kila mwezi. Kwanza nauliza majibu ya damu yake, na nikiwa njiani mikono inaanza kupoa tangu nikifika mji wa Usa River. Yeye hukaa kando ya nyumba na taulo mabegani. Kila mara ana kipande kingine cha kuniambia, namna baba yake alivyotembea gizani kwenda shambani kwa Mzungu, namna alivyorudi akanawa mikono mara mbili kabla ya kula. Anapoanza kuongea naondoa wembe kwenye ngozi na kuushika pembeni, mpaka anyamaze.